Surua na Sindano ya Pili

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Handeni na Korogwe

KWA MWALIMU WA DARASA

Kabla ya kuanza somo, andika ubaoni maneno haya sita: surua, chanjo, kinga, virusi, kadi, tarehe. Wanafunzi wayasome pamoja kwa sauti, kisha mmoja mmoja. Juma lililopita kila mzazi au mlezi aliombwa aje na kadi ya kliniki ya mtoto wake. Asiyekuja nayo asione haya. Aketi karibu na mwenzake wasome pamoja.

SOMO

Natumaini mmekwisha kuketi, taa zinawaka vizuri na kila mtu ana kalamu yake.

Kusoma kwa redio si jambo geni katika nchi yetu. Wazee miongoni mwenu wataikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Karibu watu milioni mbili wa Tanzania waliketi katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kufanya kazi. Walichimba vyoo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba, wakasafisha visima. Hawakusikiliza kwa ajili ya kupitisha jioni tu. Nasi leo tutafuata njia yao: tutasikiliza, tutasoma, kisha kesho kila mmoja atakuwa na kazi ndogo ya kufanya.

Habari ya leo ni surua. Wengine huita shurua. Tutauliza ni ugonjwa wa namna gani, huenea vipi, na kwa nini mtoto huchanjwa mara mbili wala si mara moja.

1. Nyumba ya bibi yangu

Nianze na habari ya nyumbani kwetu. Bibi yangu mzaa mama aliishi upande wa Handeni. Alijaliwa watoto saba. Katika miaka ya 1960, kabla mama yangu hajaanza shule, surua iliingia kijijini. Bibi aliwazika watoto wawili katika juma moja. Wa kwanza alikuwa na miaka minne, wa pili alikuwa bado ananyonya. Mtoto wa tatu alipona, lakini jicho lake moja halikuona tena mpaka alipokuwa mtu mzima.

Bibi hakuwa mzembe. Aliwafunika watoto, aliwapikia uji, alikesha nao. Lakini chanjo haikuwapo kijijini siku hizo. Wazee wa wakati ule walikuwa wakisema kwamba mama asihesabu watoto wake mpaka surua imekwisha kupita. Maneno hayo hayakuwa mzaha. Inakadiriwa kwamba kabla chanjo haijaenea, surua iliua watu wapatao milioni 2.6 duniani kila mwaka, na wengi wao walikuwa watoto wadogo.

Siku hizi vijana wengi hawajapata kuona mtoto mwenye surua. Ndiyo sababu wengine husema, "Surua ni vipele tu, vitapita." Mdharau mwiba, mguu huota tende. Mwaka 2023 peke yake, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 107,500 walikufa kwa surua, wengi wao wakiwa watoto ambao hawajafika miaka mitano. Ugonjwa haukuondoka. Umezuiliwa mlangoni tu, na mlango ukiachwa wazi utaingia.

2. Surua ni nini?

Surua huletwa na virusi. Virusi ni vijidudu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Virusi vya surua hukaa puani na kooni mwa mgonjwa. Akikohoa, akipiga chafya, au akipumua tu, hutoka nje na kuelea hewani.

Mtoto akiambukizwa leo, hataugua leo wala kesho. Hupita siku 10 au zaidi kabla dalili hazijaonekana. Kwanza hupata homa kali, mafua, na kikohozi. Macho huwa mekundu na kutoa machozi. Ukimfungua kinywa, pengine utaona madoa madogo meupe ndani ya mashavu. Siku chache baadaye vipele vyekundu hutokea usoni na nyuma ya masikio, kisha hushuka shingoni, kifuani, mpaka miguuni.

Hapa kuna jambo la kuangalia sana. Mgonjwa huanza kuambukiza wenzake siku nne kabla vipele havijatokea, na huendelea kuambukiza siku nne baada ya kutokea. Maana yake, siku zile ambazo mama anadhani mwanawe ana mafua tu, na bado anamchukua mgongoni kwenda sokoni, tayari mtoto anawagawia wengine ugonjwa. Mama huyo hana kosa. Hakujua, wala hakuwa na namna ya kujua.

Vipele vyenyewe si vya kutisha sana. Kinachoua ni magonjwa yanayofuata nyuma yake. Surua huudhoofisha mwili, na ndipo homa ya mapafu inapoingia. Kuharisha nako huingia, na mtoto hukaukiwa maji. Wengine hupata usaha masikioni wakawa viziwi. Wengine hupofuka, hasa waliokosa chakula chenye vitamini A. Wachache hupata uvimbe wa ubongo. Tena waganga wamegundua jambo jingine: surua hufuta kumbukumbu ya mwili. Mwili wa mtoto ulikuwa umekwisha kujifunza kupigana na magonjwa mengi; baada ya surua husahau mengi ya hayo, na huenda miezi mingi au hata miaka ikapita kabla haujajifunza upya. Kwa hiyo mtoto aliyepona surua aweza kufa kwa ugonjwa mwingine miezi kadhaa baadaye, na watu wasijue kwamba surua ndiyo iliyofungua njia.

3. Moto katika majani makavu

Sasa tuone jinsi surua inavyoenea. Katika magonjwa yote ya kuambukiza, machache sana yanaweza kushindana nayo. Ukiwaweka watu kumi wasio na kinga karibu na mgonjwa wa surua, tisa kati yao wataambukizwa. Na tena, mgonjwa akitoka chumbani, virusi vyake vyaweza kubaki hewani mpaka saa mbili.

Fikirini kituo cha mabasi cha Korogwe. Basi linaingia, watu wanashuka kununua machungwa na maji, wengine wanangoja ndani na watoto wao. Mtoto mmoja mwenye homa anakohoa, kisha anashuka na mama yake na kwenda zake. Baada ya nusu saa mama mwingine anapanda na kuketi kiti kile kile. Hakumwona mgonjwa. Hakumgusa. Lakini mtoto wake, kama hana kinga, amekwisha kuwa hatarini. Hali ni hiyo hiyo kwenye mnada wa Handeni, katika shule, msikitini, kanisani, na katika chumba cha kungojea cha zahanati.

Ninyi wakulima mwajua habari ya moto. Wakati wa kiangazi, mtu akichoma shamba na jirani yake ana majani makavu, moto utavuka. Lakini ukikuta ukanda mpana uliofyekwa, hauna cha kula, unazimika. Watoto waliochanjwa ni ule ukanda uliofyekwa. Watoto wasiochanjwa ni majani makavu. Surua ikifika katika kijiji ambacho karibu kila mtu ana kinga, humpata mmoja au wawili, kisha inakosa njia.

Kwa kuwa moto huu ni mkali mno, ukanda nao hauna budi kuwa mpana. Wataalamu wanasema inafaa watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa mara zote mbili. Basi chanjo ya mtoto wako ni ngao ya mtoto wako, na tena ni ngao ya mtoto wa jirani mwenye miezi minne, ambaye umri wake wa kuchanjwa haujafika.

4. Chanjo hufanya kazi gani?

Mwaka 1954, karibu na mji wa Boston huko Marekani, mvulana mmoja aitwaye David Edmonston aliugua surua shuleni kwake. Mganga Thomas Peebles alichukua damu yake, na yeye na mkubwa wake, John Enders, wakafaulu kuvikuza virusi hivyo katika maabara. Kwa miaka kadhaa walivikuza tena na tena mpaka vikadhoofika, visiweze tena kuleta ugonjwa. Mwaka 1963 chanjo ya kwanza iliruhusiwa kutumika. Chanjo nyingi za surua zinazotumika duniani hata leo zatokana na virusi vya mvulana yule.

Chanjo hufundisha mwili. Ni kama kumwonyesha mlinzi wa usiku picha ya mwizi. Picha haiwezi kuiba, lakini mlinzi akiisha kuiona vizuri, mwizi mwenyewe akija atamtambua mara moja na kumkamata mlangoni. Virusi vilivyodhoofishwa ni hiyo picha. Mwili ukiisha kuvijua, huweka kinga tayari.

Katika Tanzania Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975, na surua ilikuwa miongoni mwa magonjwa ya kwanza kupigwa vita. Mwaka 2014 sindano ya surua iliunganishwa na ya rubela. Rubela ni ugonjwa mwepesi kwa mtoto, lakini ukimpata mama mjamzito waweza kumwua mtoto tumboni, au akazaliwa kiziwi, au na mtoto wa jicho, au na ugonjwa wa moyo. Kwa hiyo sindano ni moja na magonjwa yanayozuiwa ni mawili. Mwaka huo huo wa 2014 ndipo sindano ya pili ilipoingizwa katika ratiba ya kawaida. Ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi 9. Ya pili hutolewa akiwa na miezi 18, yaani mwaka mmoja na nusu. Katika vituo vya serikali chanjo hii hutolewa bure.

5. Kwa nini mara mbili?

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Sindano ya miezi 9 mama huikumbuka, kwa sababu mtoto bado ni mchanga na kliniki ni jambo la kila mwezi. Akifika miezi 18 anatembea, anakimbia, anakula ugali. Pengine mama ana mimba nyingine, au ni wakati wa kupalilia mahindi. Mtoto ni mzima, basi safari ya zahanati yaonekana si ya lazima.

Lakini tufanye hesabu. Mwalimu, andika ubaoni.

Tuseme katika kata moja huzaliwa watoto 100 kwa mwaka, na wote 100 wakapata sindano ya miezi 9. Katika hao, kama 85 watapata kinga. Waliobaki 15 hawakupata. Si kwamba dawa ilikuwa mbovu. Mtoto huzaliwa akiwa na kinga aliyopewa na mama yake, nayo hupungua polepole. Kwa wengine kinga ile ya mama huwa bado ipo wakiwa na miezi 9, nayo huizuia chanjo isifanye kazi yake.

Mtauliza, basi kwa nini tusingoje mpaka miezi 18 tuchanje mara moja? Kwa sababu kwa watoto walio wengi kinga ya mama huwa imekwisha isha kabla ya hapo, na surua hushambulia kwa ukali zaidi watoto wachanga. Tukingoja, tutawaacha miezi tisa bila ngao. Basi tunachanja mapema ili kuwaokoa wengi, na tunarudia ili kuwapata wale waliokosa. Baada ya sindano ya pili, katika wale 100 hubaki wachache tu, kama watatu, wasio na kinga.

Sasa endeleeni na hesabu. Kama watoto 15 hubaki bila kinga kila mwaka, baada ya miaka minne watakuwa wangapi? Naam, 15 mara 4 ni 60. Watoto 60 katika kata ile ile, ambao kadi zao zinaonyesha walichanjwa, na wazazi wao wamelala usingizi wa raha. Hawa 60 ni majani makavu yaliyojikusanya kimya kimya. Hangojwi mwingine ila yule mgonjwa mmoja wa kwenye basi.

6. Fungueni kadi

Ndugu wasikilizaji, chukueni sasa kadi za watoto. Nitanyamaza kidogo mpaka kila mtu awe ameifungua.

Tafuteni mahali palipoandikwa Surua na Rubela. Katika kadi nyingine mtaona herufi mbili tu, MR. Mmepaona? Wekeni kidole hapo. Sasa angalieni mahali pa tarehe. Je, kuna tarehe moja au mbili?

Kama zipo mbili, shukuruni, kisha mwangalie na kadi ya jirani yako. Kama ipo moja, na mtoto amekwisha kutimiza miezi 18, basi kazi yako ya kesho umekwisha kuijua. Kama mtoto amepita miezi 18, ana miaka miwili au mitatu, usiseme nimechelewa na kuona aibu. Mpeleke vilevile, na muuguzi atakuambia la kufanya. Kama kadi imepotea, nenda bila kadi ukaeleze. Kukaa nyumbani kwa sababu ya kadi ni kumwadhibu mtoto kwa kosa la karatasi.

Muuguzi aweza kukuambia, "Njoo Jumanne." Yafaa ujue sababu. Dawa ya surua huja ikiwa unga mkavu katika kichupa, nayo huchanganywa na maji yake maalumu. Kichupa kimoja mara nyingi hutosha watoto 10. Kikiisha kuchanganywa hakikai zaidi ya saa 6, kinachobaki hutupwa. Tena dawa hii huogopa joto na jua, kwa hiyo lazima itunzwe katika ubaridi tangu inapotoka kiwandani mpaka mkononi mwa mtoto. Ndiyo maana zahanati nyingine hukusanya watoto siku moja. Ukiambiwa siku, omba iandikwe kwenye kadi, uisome mwenyewe, na siku hiyo ufike.

7. Maswali ya wasikilizaji

Tumekusanya maswali yanayoulizwa mara nyingi katika madarasa.

Swali la kwanza: "Je, chanjo huleta homa?" Naam, kwa watoto wengine. Kati ya siku ya 7 na ya 12 mtoto aweza kupata homa kidogo, na wachache hupata vipele vyepesi. Hupita vyenyewe. Mahali pa sindano paweza kuuma siku moja au mbili. Mara chache mno, kama mtoto mmoja katika milioni, mwili huikataa dawa kwa ghafula. Jambo hilo hutokea upesi, ndiyo sababu mnaombwa mkae kidogo kituoni baada ya sindano.

Swali la pili: "Mtoto ana mafua, nimpeleke?" Mpeleke. Mafua madogo hayazuii chanjo. Mtoto mgonjwa sana, au mwenye ugonjwa uliodhoofisha kinga ya mwili, mweleze muuguzi kwanza. Mama mjamzito yeye hachanjwi sindano hii. Hungoja mpaka ajifungue.

Swali la tatu: "Nimesikia chanjo huwafanya watoto wasizae." Tulipime neno hili kwa akili zetu wenyewe. Chanjo ya surua imetolewa nchini tangu mwaka 1975. Watoto waliochanjwa miaka ile leo wamekwisha kuwa watu wazima wa miaka 50. Watazameni. Wengi wana watoto, na wengine wana wajukuu. Labda wewe uliyeketi hapo ni mmoja wao, na umekuja darasani na kadi ya mwanao.

Swali la nne: "Kwa nini wanaokwenda Hija wameshauriwa kuchanjwa homa ya mafua, tena kila mwaka, na surua ni mara mbili tu maishani?" Swali zuri. Virusi vya homa ya mafua hubadilisha sura kila mara, kama mwizi anayebadili nguo. Picha ya mwaka jana haimfai mlinzi mwaka huu. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka Shirika la Afya Duniani huwakutanisha wataalamu kuchagua picha mpya. Chanjo hiyo huwafaa hasa wazee, wajawazito, na wenye magonjwa ya kifua au ya moyo, na msafiri aliyeshauriwa kuipata asiipuuze. Katika nchi yetu haimo katika ratiba ya kawaida ya kliniki ya watoto. Surua ni kinyume: sura yake haibadiliki kiasi cha kuipotezea chanjo nguvu. Mwili uliomjua mwizi huyu vizuri humkumbuka.

Swali la tano: "Chanjo hizi hujaribiwa wapi? Isije ikawa sisi ndio wa kujaribiwa." Chanjo yoyote hujaribiwa kwa hatua nyingi, na kwa idhini ya wazazi, kabla haijatolewa kwa watu wote. Watu wa Korogwe wanalijua jambo hili kuliko wengi. Chanjo ya kwanza ya malaria kupata kibali cha Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa hapa. Mwaka 2007 watoto 894 wa Korogwe na wa Kilifi, Kenya, waliingia katika jaribio. Kisha tangu 2009 mpaka 2014 likafanyika jaribio kubwa zaidi la watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika, na Korogwe na Bagamoyo zikiwamo. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika hilo likashauri itumike kwa watoto wa Afrika wanaokaa penye malaria. Chanjo ya surua yenyewe imekwisha kutumika duniani zaidi ya miaka 60. Hiyo si dawa ya kujaribiwa tena.

8. Mpishi wa Merca

Pengine mtu atasema, "Magonjwa yapo tangu zamani, nani awezaye kuyamaliza?" Nitawapa habari ya mtu mmoja wa pwani yetu hii ya Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1977, katika mji wa Merca huko Somalia, kulikuwa na kijana aitwaye Ali Maow Maalin. Alikuwa mpishi wa hospitali. Siku moja mwezi wa Oktoba, gari lililobeba wagonjwa wa ndui lilifika, na dereva akauliza njia. Ali akapanda kumwonyesha. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Alikuwa hajachanjwa vema, kwa kuwa, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, aliogopa maumivu ya sindano. Siku chache zikapita, naye akaugua ndui.

Ali alipona. Watu wote waliomkaribia wakatafutwa na kuchanjwa, na ndui haikupata njia. Yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha. Ali baadaye alijitolea kazi ya chanjo ya polio, akizunguka Somalia na kuwasimulia wazazi kisa chake, ili wasiogope kama alivyoogopa yeye. Alifanya kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 2013.

Surua haijafika hapo. Lakini yatokana na virusi, humpata binadamu, na chanjo yake ni imara. Kilichobaki ni kufyeka ule ukanda mpaka mwisho.

9. Mtoto akiugua

Kama mtoto wako ana homa na vipele, mpeleke zahanati upesi, na ukifika mwambie muuguzi mlangoni, ili asikuketishe katikati ya watoto wengine. Hakuna dawa ya kuviua virusi vya surua. Lakini mtoto hupewa vitamini A siku mbili mfululizo, nayo huokoa macho na maisha. Mnyonyeshe, mpe maji na uji mara kwa mara. Usimnyime maji wala chakula. Usimtie machoni maziwa, majani, wala dawa ya kienyeji, kwani wengine wamepofuka kwa dawa hizo hasa. Akipumua kwa shida, akiharisha sana, au akilegea, ni hatari, usingoje asubuhi. Mweke nyumbani mpaka siku nne zipite tangu vipele kutokea.

10. Mwisho

Nimalize kwa bibi yangu. Chanjo ilipofika katika kijiji chake, hakungoja kuitwa. Alimbeba mjukuu wake wa kwanza, akatembea tangu alfajiri mpaka zahanati. Hakujua kusoma. Kadi ile aliiweka katika kopo la majani ya chai, na kila mgeni aliyejua kusoma alipewa aisome: "Nisomee, zimetimia?"

Ninyi hamna haja ya kumngoja mgeni. Herufi mmezijua, na tarehe mwazisoma wenyewe. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga yenyewe imeandikwa katika mstari mmoja mfupi wa kadi. Usomeni mstari huo usiku huu.



KAZI YA DARASA

Maswali ya mazungumzo

1. Taja dalili tatu za surua zinazotangulia vipele.
2. Kwa nini mtoto aweza kuambukizwa surua mahali ambapo hakuna mgonjwa anayeonekana?
3. Sindano ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi mingapi? Ya pili je?
4. Katika kijiji chenu, ni jambo gani huwazuia wazazi kurudi kwa sindano ya pili? Darasa lifanye nini kuwasaidia?

Hesabu

Katika kata huzaliwa watoto 100 kwa mwaka. Watoto 80 tu walipelekwa kwa sindano ya kwanza, na katika hao 68 walipata kinga. Ni watoto wangapi wamebaki bila kinga? Baada ya miaka minne watakuwa wangapi?

(Majibu: 32, 128.)

Kuandika

Andika katika daftari jina la mtoto wako, tarehe yake ya kuzaliwa, na tarehe atakayotimiza miezi 18. Kama tarehe hiyo imepita na sindano ya pili haipo, andika chini yake siku utakayokwenda zahanati.